Kabla masika hayajaanza: barua zenu kuhusu maafa na halmashauri zetu

Tangu niandike kuhusu mfereji wa mtaani kwetu uliofukiwa ili zijengwe fremu za maduka, barua hazijakoma. Nimestaafu kazi ya mipango katika halmashauri baada ya miaka 26, na ninaona wengi mnaniuliza yaleyale niliyokuwa nikiulizwa ofisini, ila sasa nina nafasi ya kuyajibu bila kukimbilia kikao. Nimechagua barua nane. Zile zinazofanana nimeziunganisha.

Mkazi wa Kigogo, Dar es Salaam: *Shikamoo Mama. Kila tukimuuliza mwenyekiti wetu wa mtaa kuhusu mafuriko, anatujibu kwamba maafa ni kazi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Ni kweli nusu. Idara ya Menejimenti ya Maafa iko Ofisi ya Waziri Mkuu na inaratibu nchi nzima. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeshusha kamati za maafa kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, kata, na kijiji au mtaa. Mkoani mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, wilayani ni Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo mwenyekiti wenu anapowatuma Dodoma, mrudisheni taratibu mtaani kwake. Mwulizeni wajumbe wa kamati ya maafa ya mtaa ni akina nani, mara ya mwisho walikutana lini, na muhtasari wa kikao uko wapi. Kama hakuna muhtasari, kamati hiyo ipo kwenye sheria tu.

Na sheria haikuzishusha kamati hizo ili kugawana vyeo. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Vikosi vya uokoaji vilikwenda, viongozi wa kitaifa walikwenda, misaada ilikwenda. Lakini mtu aliyefukiwa na tope hana muda wa kungoja gari litoke mkoani. Anayemtoa ni jirani mwenye jembe, na jirani huyo akiwa anajua nyumba ile ina watu wangapi na mlango uko upande gani, anamfikia mapema zaidi.

Mtendaji wa kijiji, Rufiji: *Habari za kazi Mama. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Nimeambiwa niandae mpango wa maafa wa kijiji, nikapewa nakala ya wilaya nyingine nibadilishe majina. Nianzie wapi?*

Nakala hiyo iweke pembeni kabisa. Niliwahi kupokea mezani kwangu mpango wa namna hiyo. Ukurasa wa tisa ulieleza jinsi ya kuwaondoa wavuvi ufukweni, na wilaya yenyewe haina bahari wala ziwa. Ulikuwa na mihuri yote na saini zote. Mvua zilipokuja, hakuna aliyeufungua.

Anza na ramani, na usianze na karatasi. Mkutano Mkuu wa Kijiji kisheria unakaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Utumie kupitisha mpango, lakini usiutegemee kukupa taarifa, maana mbele ya umati wanasema wazungumzaji. Kaa na makundi madogo: wazee peke yao, akina mama peke yao, wavuvi, wafugaji, vijana wa bodaboda. Waombe wachore kijiji chini, kwenye mchanga. Majivu yawe mto, mawe yawe nyumba, majani yawe mashamba. Nilifanya hivyo katika kijiji kimoja, wanaume wakachora barabara, ofisi na soko, wakaridhika. Bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akachukua kijiti, akafuta mto wetu wa majivu na kuuchora pengine. "Huu ndio mto," akasema, "ule wenu umehamia juzijuzi tu." Akatupeleka hadi kwenye mkwaju wa zamani, akaweka kiganja chake kwenye shina, usawa wa kifua changu: maji ya El Niño ya 1998 yalifika pale. Hatua chache chini ya mkwaju ule ulikuwa umeshachimbwa msingi wa madarasa mawili. Tuliuhamisha. Hakuna mtaalamu aliyekuwa ametuambia, wala sisi hatukuwa tumemuuliza bibi.

Kwenu Rufiji kuna jambo la pekee ambalo nakala ya wilaya nyingine haiwezi kulijua. Zamani watu waliishi bondeni, wakalala kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, maji yanapojaa, na yakipungua wakapanda mlao, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye udongo wenye unyevu. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamishia maeneo ya juu. Makazi yakahama, mashamba yakabaki. Maana yake, ukiandika mpango kwa kuhesabu nyumba za kijijini, utawakosa watu walioko bondeni wakilinda mpunga, wengine na watoto, simu zimezimika chaji. Mafuriko ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti yameacha kumbukumbu ya kutosha. Kaa na waliokuwa shambani siku zile, wakuambie walipata habari kutoka kwa nani na walitokea njia ipi. Halafu, kwa kuwa juu yenu kuna Bwawa la Julius Nyerere, mpango wako lazima ujibu swali moja bila kuzungukazunguka: maji yakitarajiwa kufunguliwa kwa wingi, nani kijijini anapigiwa simu, na asipopatikana anapigiwa nani? Andika majina na namba, kisha piga namba hizo mwenyewe mara moja kwa mwezi. Nusu yake utakuta zimebadilika.

Usisahau hatari nyingine. Baada ya mafuriko huja kipindupindu. Mamba husogea karibu na watu. Kama barabara kuu inapita, kumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya 100. Kijiji kilicho kando ya barabara kinahitaji watu wanne au watano waliokubali mapema kwamba siku hiyo kazi yao ni kuwazuia wenzao wasisogee.

Mwisho, kagua mahali pa kukimbilia. Tulikuwa na shule nzuri ya mlimani, imeandikwa kwenye mpango kuwa ndiyo hifadhi. Watu walifika saa nane usiku, wakiwa wameloa, wakakuta kufuli. Mwalimu mkuu alikuwa likizo, na funguo alikuwa nazo yeye. Tulivunja. Tangu siku ile kila mpango niliousimamia ulikuwa na jina la mwenye funguo ya pili. Fanyeni mazoezi pia, mtembee njia hiyo usiku mkiwa na tochi, ndipo mtajua daraja la miti halipitiki mama akiwa na mtoto mgongoni.

Wenzako wa Dar es Salaam walifanya kazi ya aina hii kwa upana kupitia Ramani Huria, iliyoanza 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita uchochoro kwa uchochoro wakichora mifereji na nyumba, wakiwauliza watu maji yalifika wapi. Wewe una mchanga na kijiti, vinatosha kuanzia.

Diwani, Kanda ya Kati: *Katika baraza letu kila nikitaja maafa najibiwa kwamba kifungu cha bajeti hakina fedha. Nifanyeje?*

Mheshimiwa, kifungu cha maafa kikisimama peke yake ndicho kinachokatwa kwanza; nimekikata mimi mwenyewe kwa kalamu hii, na sijivunii. Njia niliyoiona inafanya kazi ni kuibeba hoja ndani ya miradi iliyokwisha kupata fedha. Barabara ya kata inajengwa: uliza kalavati lina upana gani na limepimwa kwa mvua ya mwaka gani. Kituo cha afya kinajengwa: uliza kwa nini kiwanja kilikuwa cha bei rahisi namna ile. Vyoo vya shule vinachimbwa: uliza maji yakipanda, kinyesi kitakwenda upande wa kisima au la. Maswali hayo hayahitaji kifungu kipya. Yanahitaji diwani aliyesoma makabrasha kabla ya kuingia ukumbini.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na rasimu za bajeti zinapita kwenye kamati na baraza miezi ya mwanzo wa mwaka. Wananchi huja kulalamika Aprili, maji yakiwa mlangoni, wakati vitabu vimeshafungwa. Hoja ya mfereji ipelekwe Novemba, kwenye vumbi. Najua ni vigumu kumshawishi mtu kuhusu mafuriko akiwa amekaa chini ya mti anajipepea, kwa hiyo peleka picha za Aprili iliyopita. Na usafishaji wa mifereji kabla ya masika uwekwe kwenye mapato ya ndani, kwa vibarua wa kata ileile. Usisubiri fedha kutoka hazina kwa kazi ya koleo na toroli.

Kuna kitu ambacho mabaraza yetu hayakipendi, nacho ni matengenezo. Hakuna utepe wa kukata kwenye tuta lililozibwa nyufa. Kilosa ilikuwa na tuta la kuuzuia Mto Mkondoa tangu enzi za ukoloni. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zililipasua, maelfu ya watu wakahama makazi yao na reli ya kati ikakatika. Tuta lile lilikuwa limewakinga watu kwa miaka mingi hadi wakaona kama sehemu ya ardhi. Orodhesha vitu vya namna hiyo katika kata yako, hata kama ni lambo la ng'ombe, na uliza kila mwaka nani amekwenda kukiangalia.

Msomaji, Kaunti ya Nakuru, Kenya: *Hujambo Mama. Huku kwetu kukitokea janga, kaunti inasukumia serikali ya kitaifa na ya kitaifa inasukumia kaunti. Nani hasa anawajibika?*

Wote wawili, na hapo ndipo wanapopatia mwanya. Jedwali la Nne la Katiba yenu ya 2010 limeweka usimamizi wa majanga kwenye orodha ya serikali ya kitaifa, na likauweka tena, pamoja na huduma za kuzima moto, kwenye orodha ya kaunti. Nakuru imelipa gharama ya mwanya huo mara mbili. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi huko Solai lilipasuka, likaua watu wapatao 48. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya kalavati lililoziba chini ya reli, huko Old Kijabe, yalibomoa na kuporomoka kuelekea Mai Mahiu usiku watu wamelala; waliokufa walizidi 45.

Ukitazama, hatari zote mbili zilikuwa zinaonekana kwa macho mchana. Bwawa linaonekana. Kalavati lililoziba linaonekana. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kulitazama. Utoaji wa vibali vya mabwawa uko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya kitaifa, lakini hakuna sheria inayoizuia kaunti kuwa na orodha yake ya kila bwawa na kila kalavati la reli lililo juu ya makazi. Kwenye kikao cha umma cha bajeti, ombeni orodha hiyo. Ombeni pia maelezo ya hazina ya dharura ya kaunti: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa nayo, na imeweka ukomo kwamba malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Ila hazina hiyo ni ya kununulia mablanketi baada ya janga. Fedha ya kuzibua kalavati itoke kwenye bajeti ya kawaida.

Mkitaka mfano wa karibu wa mipango inayoanzia chini, waulizeni wa Makueni. Walitangulia kuweka mfuko wa mabadiliko ya tabianchi ambao kamati za wadi ndizo zinazochagua miradi.

Mama Lishe, Temeke: *Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tangazo la rangi nashindwa kujua nifunge biashara au la. Rangi zina maana gani?*

Njano ni angalizo: endelea na kazi, lakini sikiliza redio. Chungwa ni tahadhari: jiandae, toa vitu chini, jua watoto wako wako wapi. Nyekundu ni tahadhari kubwa: chukua hatua sasa. Mamlaka hiyo (TMA) huandika pia mistari miwili ambayo watu huiruka, mmoja wa uwezekano wa kutokea na mwingine wa kiwango cha athari. Isome yote miwili. Uwezekano ukiwa mdogo na athari kubwa, mimi siachi chungu jikoni kandokando ya mfereji. Na kama mtaa wenu ungekuwa na mpango, tangazo la rangi ya chungwa lingekuwa limeshafasiriwa kwa lugha yenu: rangi hii ikitoka, fulani anafungua lango la shule, fulani anapita nyumba za bondeni. Tangazo haliwezi kujua kibanda chako kiko wapi, lakini balozi wako wa nyumba kumi anajua.

Mwalimu, Bukoba: *Tetemeko la 2016 limeshasahaulika, watu wanajenga vilevile. Halmashauri inaweza kufanya nini kwa jambo lisilotabirika?*

Siku haitabiriki, ila nyumba itakayoanguka inajulikana mapema. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Ihungo na Nyakato, shule zilizosomesha vizazi, zikafungwa. Halmashauri ina kibali cha ujenzi na ina mhandisi. Ianze na majengo yake, yaani madarasa, zahanati na mabweni, ihakikishe lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, imezunguka jengo lote na nondo zimefungwa kwenye kona. Halafu iwakusanye mafundi wa mtaani kwa siku mbili iwaonyeshe kwa vitendo. Nyumba nyingi hujengwa bila mhandisi kufika, lakini hakuna inayojengwa bila fundi. Nawe mwalimu, darasani kwako wafundishe wanafunzi kujikinga chini ya dawati, na ukague mlango unafungukia nje.

Kijana wa Mchikichini, Ilala: *Serikali inasema tumevamia bonde. Babu yangu alijenga hapa kabla hizo sheria hazijatungwa. Kwa nini kupunguza hatari kila mara iwe ni kutuhamisha maskini?*

Swali lako nimelisoma mara tatu, na sitakujibu kwa haraka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lengo lake ni sahihi, Mto Msimbazi haudanganyi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na baada yake familia nyingi zikapewa viwanja Mabwepande. Wengine wametulia huko hadi leo. Wengine walirudi bondeni, wakaitwa wakaidi. Mimi nilizungumza na waliorudi. Mama aliyekuwa akiuza samaki Kariakoo kwa kutembea kwa miguu alijikuta nauli inakula faida yote. Viwanja vilikuwa salama kwa maji, lakini familia haikuwa salama kwa njaa. Mpango unaohesabu mita 60 na kusahau nauli haujakamilika, na mpangaji ndiye mwenye kosa hapo, si mama wa samaki.

Uko sahihi pia kwamba bonde halikuvamiwa na maskini peke yao. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde lilelile, na mabasi yamelowa mara kadhaa. Sasa Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, unahusu kuhamisha karakana hiyo, kujenga daraja la juu zaidi Jangwani na kuligeuza bonde kuwa eneo la wazi la kupokea maji. Mwelekeo huo naukubali, maana maji lazima yapewe mahali pa kulala.

Lakini ukiniuliza kama babu yako abaki pale, nitakwambia asibaki. Nimeona godoro likielea lenye mtoto juu yake, na watu wazima watatu wamesimama kwenye ukuta hawawezi kumfikia. Mtoto yule alipatikana hai. Sitaki kujua nini kingetokea kama kamba ingechelewa. Ondokeni, lakini ondokeni kwa masharti: tathmini ifanyike mbele yenu na mpewe nakala, wapangaji wahesabiwe na si wenye nyumba tu, na mahali papya pawe na shule, maji na basi kabla ya familia ya kwanza kushusha mizigo. Pelekeni hayo kwa maandishi kwa mtendaji wa kata, mgongewe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu.

Dada wa Pangani: *Kaka yangu ni kiziwi. Kijijini kwetu tahadhari hutolewa kwa spika za msikitini na mbiu ya mgambo. Usiku wa upepo mkali sote tulitoka, yeye akabaki amelala. Tunaweza kudai nini?*

Pole sana dada. Msidai spika kubwa zaidi. Dai la kwanza ni jina la kaka yako liwepo kwenye orodha ya kamati ya maafa ya kijiji, pamoja na majina ya wazee wasiotembea, wajawazito wa miezi ya mwisho, wenye uoni hafifu na watoto wanaolala peke yao. Orodha hiyo isomwe upya kabla ya masika na kabla ya vuli. Dai la pili ni kila jina liwe na majirani wawili walioandikwa kando yake, na wawe wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa amesafiri. Wao ndio watakaoingia ndani kumwamsha, hivyo kaka yako awachague mwenyewe, awaonyeshe anapolala, na wakubaliane alama: tochi usoni mara tatu, kisha mkono begani. Dirisha lake liwe na kitasa kinachofunguka kwa nje. Wajaribu usiku mmoja wa kawaida, hata wiki hii, bila upepo wala mvua, na wewe uwepo kuona inawachukua muda gani kumfikisha barabarani.